Platinamu Iliyokataa Haidrojeni

Kichocheo, neno lililotokana na kuchochea moto, katika elimu ya kemia ni kitu kiharakishacho badiliko la vitu vingine, nacho chenyewe kisiishe. Metali za thamani zitumiwazo hivyo hutawanywa, chembe ndogo mno, juu ya unga wa oksidi uitwao tegemeo. Zamani wengi walilihesabu tegemeo kama kinara cha taa: kazi yake kubeba, si kutoa nuru.

Kabla ya kutumiwa, metali huondolewa oksijeni kwa haidrojeni ya moto. Kisha hupimwa kwa kiasi cha gesi inachonata juu yake: gesi nyingi, chembe ni ndogo, gesi haba, chembe zimeungana zikawa mabonge.

Mwaka 1978 Tauster, Fung na Garten, wa kampuni ya Exxon huko Marekani, walitangaza jambo lililokitia kipimo hicho mashakani. Waliweka metali sita, platinamu ikiwamo, juu ya oksidi ya titani. Zilipoondolewa oksijeni kwa joto la digrii 200 za Selsiasi, zilipokea gesi vizuri. Kwa digrii 500, karibu zisipokee kabisa. Kwa kanuni ya zamani ilipasa kusema zimeungana. Lakini hadubini ya elektroni na eksirei hazikuonyesha mabonge ya kutosha kueleza upungufu huo. Tena, zilipochomwa kwa oksijeni, kisha zikatiwa haidrojeni kwa joto la chini, zilirudia hali yake ya kwanza. Na bonge halivunjiki kwa urahisi huo.

Jambo hilo likaitwa maingiliano makali ya metali na tegemeo. Jina lilitangulia, sababu ikafuata, wala halikuchaguliwa vema. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba atomi za metali zimefungamana na titani. Katika miaka ya 1980 ushahidi ulielekea kwingine: oksidi ya titani, ikiisha kupokonywa sehemu ya oksijeni yake, hutambaa ikapanda juu ya chembe za metali na kuzifunika kwa utando mwembamba. Basi haidrojeni iliyoletwa kuisafisha metali ndiyo iliyosababisha ivikwe.

Hata hivyo kufunikwa huko si hasara tupu. Mwaka 1979 Vannice na Garten walionyesha kuwa nikeli juu ya oksidi ya titani, katika kuunganisha kaboni monoksidi na haidrojeni, ilishinda nikeli iliyobebwa na mategemeo ya kawaida.