Maji andamizi ya mafuta

Mkazi wa Likoni au Kisauni, Mombasa, akisikia "maji ya kisima" anajua ni yapi: yale yanayotekwa kwenye mwamba wa matumbawe, yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu upesi, ni ya kufulia na kuoshea vyombo, huku maji matamu yakinunuliwa kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni. Kwa hiyo siafiki kuyaita "maji ya kisima cha mafuta" yale maji yanayotoka ardhini pamoja na mafuta ghafi au gesi. Jina hilo linayasogeza karibu mno na ndoo ya jikoni.

Anayefasiri Kiingereza, "produced water", neno kwa neno huishia kwenye "maji ya uzalishaji". Hapo msomaji atadhani kiwanda kimeyatengeneza, au yametumika kuzalishia kitu. Kumbe maji haya yalikuwako huko chini tangu zamani za kale, yamenaswa katika vinyweleo vya mwamba pamoja na mafuta yenyewe, na yangekaa humo lau kisima kisingechimbwa. "Maji taka" nayo haitoshi. Huku Changamwe maji taka tunayajua: ni yale yanayopelekwa kwenye mtambo wa Kipevu, ambako vijidudu huula uchafu wa vyoo. Vijidudu hivyo havina la kufanya na chumvi wala madini mazito, na anayesoma "maji taka" kwenye ripoti ya mafuta atadhani dawa yake inajulikana.

Nasema tuyaite maji andamizi. Yanaandamana na mafuta kutoka mwambani hadi juu ya ardhi, na popote mafuta yanapopita, yako nyuma yake. Ukitaka kumweleza mtu barazani, mwambie ni maji yatokayo na mafuta; ataelewa, kisha mpe istilahi.

Ndani yake mna nini? Kwanza chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Baadhi ya maji andamizi yanapita gramu 100, na yako yanayofika 300. Pili, matone madogo mno ya mafuta ambayo hayaelei yenyewe. Kisha benzini, bariamu, na pengine radiamu, madini yenye mnururisho ambayo huganda kama magamba ndani ya mabomba. Na ni mengi. Kwa wastani wa dunia inakisiwa kwamba kila pipa moja la mafuta, yaani lita 159, huja na mapipa kama matatu ya maji. Kisima kikizeeka, maji huongezeka na mafuta hupungua, hata ikawa kampuni inapampu maji na kuokota mafuta ndani yake.

Kenya iligundua mafuta Turkana mwaka 2012, kwenye kisima cha Ngamia-1. Kuanzia Juni 2018 malori yaliyabeba kutoka Lokichar hadi Changamwe, kwenye matangi ya ule mtambo uliosafisha mafuta ghafi tangu 1963 hadi ulipoacha kazi hiyo Septemba 2013. Yalisafirishwa yakiwa ya moto, kwa kuwa yana nta nyingi na yakipoa huganda. Agosti 2019 meli iliondoka Mombasa na mapipa zaidi ya laki mbili, na nchi nzima ikashangilia. Maji yake hayakuonekana bandarini, kwani kazi ya kuyatenga hufanywa kisimani: mchanganyiko huingizwa kwenye tangi, gesi ikapanda juu, mafuta yakakaa katikati, maji yakashuka chini.

Hata hivyo, kutenga huko hakumalizi kila tone. Mafuta ghafi yaliyoletwa kutoka Ghuba kwa miaka hamsini yalifika na unyevu na chumvi zake. Tangi likitulia, maji hujikusanya chini, na mfanyakazi hufungua vali kuyatoa. Hutangulia maji ya kijivu, halafu yanaingia utando wa rangi za upinde wa mvua, na hapo lazima afunge haraka. Yaliyotoka hayaruhusiwi kwenda mtaroni. Hupitishwa kwenye mabwawa ya kutenganishia kwanza.

Aprili 2005, meli Ratna Shalini ilipomwaga mafuta ghafi bandarini, mikoko ya Port Reitz ilipata weusi ambao kila mvuvi aliuona. Maji andamizi hayana alama hiyo. Yakipenya kwenye maji ya ardhini yanaweza kuonekana safi kwenye kikombe, na ulimi ndio utakaogundua chumvi kwanza.

Njia inayotumika zaidi kuyaondoa maji haya ni kuyarudisha chini kwa pampu, kwenye mwamba uleule ili yasukume mafuta yaliyobaki, au kwenye mwamba mwingine wa kina kirefu. Usalama wake umo katika bomba la chuma lililozungushiwa saruji. Likitoboka mahali linapopita kwenye maji matamu, hasara ni ya wanaokunywa maji hayo. Oman wamejaribu jambo ninalolipenda: huko Nimr, katikati ya jangwa, maji andamizi hupitishwa polepole kwenye mashamba makubwa ya matete, na vijidudu vya mizizini huyala mafuta. Chumvi hubaki, ikakaushwa juani kwenye mabwawa.

Mwaka 2025 kampuni ya mafuta ya Tullow iliuza mali yake ya Turkana kwa kampuni ya Gulf Energy, na mipango ya kuchimba kwa wingi imefufuka, pamoja na ile ya kuvuta maji ya bwawa la Turkwel yaingizwe visimani kusukuma mafuta. Anayehudhuria kikao cha wananchi, Lokichar au Mombasa, aulize kwa jina: maji andamizi yatakuwa mapipa mangapi kwa siku, chumvi yake kiasi gani, yatarudishwa kwenye mwamba upi, na ni nani atakayepima visima vya wafugaji kabla ya pampu kuwashwa.