Kinanda cha Nyumbani: Kutoka Mvukuto wa Misheni Hadi Betri Sita

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo inawafaa wavivu, lakini kwa habari ya vinanda vya umeme hatuna budi kuitumia kwa hadhari, maana anayechukua cha kwanza alichokiona dukani huishia kuwa na sanduku la plastiki juu ya kabati. Kwa kuwa miongoni mwetu wanafunzi wa zamani limezuka tena wazo la kuinunulia shule kinanda, nimeona yafaa niwaeleze wenzangu, na hasa ninyi vijana mlio madarasani leo, jinsi chombo hiki kilivyotufikia huku Kigoma. Historia hiyo itatusaidia kuamua la kununua.

Tuanze na jina. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi. Baadaye jina hilo likapewa piano, harmonia, na hata gramafoni. Harmonia, ambayo wazee wetu wengi waliijua kama kinanda cha kanisani, ilipewa hataza mjini Paris mwaka 1842 na fundi Alexandre Debain. Mpigaji hukanyaga mvukuto kwa miguu, upepo hupita kwenye ndimi za shaba, na sauti hutoka. Chombo hicho hakihitaji umeme.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakati mizigo yote kutoka pwani ilipokuwa ikibebwa na wapagazi kwa mwendo wa miezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30. Kwa hiyo bei ya kitu chochote huku kwetu haikuwa ile ya Ulaya tu. Ilikuwa pia bei ya mabega na miguu ya watu. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwezi Februari 1914, baada ya kilometa zipatazo 1,250, hesabu hiyo ilibadilika. Meli tunayoijua kama Liemba ililetwa kwa njia hiyo ikiwa vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Njia iliyoweza kuleta meli nzima haikushindwa kuleta harmonia.

Hata hivyo, kinanda kilibaki mali ya misheni na ya shule chache. Aliyetaka kujifunza alilazimika kuomba ruhusa na kungoja zamu. Matokeo yake ni kwamba kanisa au shule moja ilikuwa na mpigaji mmoja, pengine wawili. Sisi watumishi wa Serikali tunaijua vema habari ya uhamisho: mwalimu yule akipata barua ya kwenda Songea au Musoma, kwaya hubaki ikiimba bila kinanda, na panya hupata makazi ndani ya mvukuto.

Mabadiliko makubwa yalitoka Japani. Mwaka 1980 kampuni ya Casio, iliyokuwa ikijulikana kwa vikokotoo, ilitoa kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, chenye vibao 49. Mwaka huo huo Yamaha ilianza kuuza vinanda vidogo vya PortaSound. Mwaka 1981 Casio ilitoa VL-1, kilichokuwa kinanda na kikokotoo kwa pamoja, na MT-40, chenye midundo iliyokwisha kutayarishwa ndani yake. Msidharau vyombo hivyo. Mdundo mmoja wa MT-40 ulichukuliwa na vijana wa Jamaika, na mwaka 1985 ukawa msingi wa wimbo wa Wayne Smith uliobadilisha muziki wa rege. Chombo cha sebuleni kilikuwa kimeingia studio.

Kwetu Tanzania vinanda hivyo vilizaliwa wakati mbaya. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na hata sabuni ilipangiwa foleni. Ni mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na polepole redio, kaseti na vinanda vikaanza kuonekana tena madukani. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuota kuwa na kinanda nyumbani.

Lakini ndoto hiyo ilikumbana na hali halisi ya Kigoma. Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na umeme wa mjini ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Kijijini haukuwapo. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kinanda kwetu si wingi wa sauti zake, bali ni mahali pa kuweka betri. Hata leo, umeme unapokatika, betri sita ndizo zitakazomwezesha mtoto kumaliza zoezi lake.

Sifa ya pili ni vibao. Sauti nne za kwaya, kutoka chini ya besi hadi juu ya soprano, hupita oktava tatu. Kwa hiyo kinanda cha vibao 37 hakizitoshi. Tafuteni vibao 61, yaani oktava tano, na viwe vya upana wa kawaida, maana mkono uliozoea vibao vya kitoto hutaabika ukikutana na kinanda kamili. Ya tatu, kibao kiitikie nguvu ya kidole, kikibonyezwa taratibu kitoe sauti ndogo. Ya nne, kwa vile vya mtumba, someni maandishi ya adapta. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, na wetu ni 230. Adapta ya huko ikichomekwa kwenye soketi yetu bila kusomwa huungua, na pengine kinanda chenyewe huharibika.

Sasa naja kwenye hoja. Wapo wenzetu wanaopendekeza tununue kinanda kimoja kikubwa cha kukaa ukumbini. Nia yao ni njema, lakini historia niliyoieleza inatuonya. Chombo kimoja chenye kufuli huzaa mpigaji mmoja, naye huhamishwa. Kwa fedha hizo hizo tunaweza kupata vinanda kadhaa vya kawaida vyenye sifa nne nilizozitaja, vikatunzwa na mwalimu wa muziki, vikaazimwa na wanafunzi kwenda navyo nyumbani wakati wa likizo kwa daftari la kutia sahihi. Baadhi vitarudi na mikwaruzo, na kimoja huenda kikaharibika kabisa. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya shule isiyo na mtu wa kukaa kwenye kinanda siku ya mahafali.

Naomba kutoa hoja.