Mgunda Mkali Ulihamia Wapi?

Msafiri anayetoka Tabora leo kwa gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, akaishika barabara ya Sikonge, Ipole na Koga kuelekea Mpanda, huambiwa kwamba anaingia katika pori ambalo halijaguswa. Macho hayampi sababu ya kubisha. Miyombo imefunga pande zote mbili, mizinga ya nyuki inaning'inia matawini, na mbung'o wanalifukuza gari kana kwamba ni nyati. Magharibi kuna Ugalla, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na viboko wake, na palahala wake weusi wenye pembe zilizopinda. Wanyama ni wa kweli na raha ya kuwatazama ni ya kweli. Lenye mashaka ni hilo neno "halijaguswa". Katika nchi ya Wanyamwezi pori lina tabia ya kuhama: hufukuzwa huku, likarudi kule, na kila lilipohama kulikuwa na watu waliolisukuma au waliolipisha.

Tuanze na pori lililokuwa maarufu kuliko yote katika njia ya misafara, Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, nchi ya Tabora. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo na mzigo wa kilo thelathini na kitu begani aliliogopa kwa sababu mbili zisizohusiana na simba: maji yalikuwa haba, na hapakuwa na mtu wa kumuuzia mtama. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliandika kwamba pori hilo lilikuwa limeanza kupungua, kwa kuwa Wakimbu walikuwa wakifyeka na kujenga humo. Wasafiri wa Ulaya kama yeye wana mengi ya kutiliwa shaka, hasa wanapowaeleza wapagazi waliowabebea mahema, vitanda na mabeseni ya kuogea. Lakini juu ya wapi palikuwa na watu na wapi palikuwa pori, ushahidi wao ni mzito. Kiongozi wa msafara wa mamia ya watu alilazimika kujua chakula kinapatikana kijiji gani na baada ya siku ngapi. Akikosea, watu wanakufa au wanatoroka. Ndiyo maana msafiri mwingine, Stanley, anapoikadiria Serombo, mahali alipochanjiana damu na mtemi Mirambo mwaka 1876, kuwa na nyumba zaidi ya elfu moja, hatuna haja ya kuikubali hesabu yake yote ili tuamini kwamba ulikuwa mji.

Biashara ya misafara iliyolisogeza pori nyuma ndiyo hiyohiyo iliyolirudisha. Pembe za ndovu zilizojaza maghala ya Kazeh, Tabora ya leo, zilitoka kwanza karibu, na tembo walipopungua wawindaji walizidi kwenda mbali: wayege, chama cha wawindaji wa tembo, ndio waliowapa jina Wayeke waliomfuata Msiri hadi Katanga. Pamoja na pembe zilikuja bunduki. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyolipuka mwaka 1871, viliwafanya watu wajikusanye ndani ya vijiji vyenye maboma, na mashamba ya katikati yakaachwa. Mirambo akafa mwaka 1884 na dola yake ikasambaratika. Miaka ya 1890 ikaleta sotoka iliyofyeka ng'ombe, na Wajerumani waliomshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe, mwaka 1893. Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua wanaume kwa ajili ya upagazi wa majeshi. Mbung'o anahitaji vichaka vya kivuli na mnyama wa kumnyonya damu. Jembe, moto na mifugo humnyima vyote viwili. Watu wakiondoka, vichaka hurudi, wanyama hurudi, naye hurudi akiwa na malale. Waingereza walipambana na malale kwa kuhamisha: kuanzia miaka ya 1920, wakazi waliotawanyika magharibi waliamriwa kuishi katika makazi ya pamoja, na walikotoka pakaachiwa miyombo. Ajabu kubwa ni ya mwaka 1947. Wakubwa wa mradi wa karanga walipotafuta ardhi tupu waliichagua Urambo, makao ya Mirambo yenyewe, ambako miaka 70 kabla yake misafara ilikuwa ikisimama kuomba ruhusa ya kupita.

Mtu anaweza kusema kwamba natia chumvi: udongo wa magharibi ni wa kichanga, maji ya kiangazi ni shida, na mbung'o alikuwapo kabla ya pembe ya kwanza kuuzwa. Ni kweli. Hata Burton alipita siku nyingi pasipo kuona moshi wa jiko, na mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi hayakuwahi kuwa mtaa wa mtu. Ila udongo unaweza kueleza kwa nini watu walikuwa wachache. Hauwezi kueleza kwa nini mahali palepale pawe mji mwaka 1880 na "ardhi tupu" mwaka 1947, mchanga ukiwa ni uleule.

Tazama pia upande wa kaskazini. Speke, mwenzake Burton, alipotoka Kazeh Julai 1858 akafika Ziwa Victoria mwanzoni mwa Agosti, alipishana na mashamba, ng'ombe na mapori kwa zamu katika ukanda ambao leo ni Nzega na Shinyanga. Ukifika Lusu, huko Nzega, sasa huoni zamu hiyo; unaona majaruba, mifugo na mji unaokua. Huko pori lilishindwa, kwa sehemu kutokana na ufyekaji wa vichaka ambao mtafiti wa mbung'o Swynnerton na wenzake waliusimamia Shinyanga kati ya vita viwili vya dunia. Kaskazini lilifyekwa, magharibi likalindwa, na leo magharibi tunakuita kwa wanyama na kaskazini kwa watu kana kwamba ndivyo kulivyoumbwa.

Hofu iliyobaki ni ya wahifadhi: ukisema Ugalla palikuwa na watu, umempa mwenye shoka ruhusa. Sioni hivyo. Tembo wa magharibi walikwisha kumalizwa mara moja na soko la mbali, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuwalinda waliopo. Ulinzi hauhitaji hadithi ya Edeni. Hadithi hiyo ndiyo yenye gharama, kwa sababu humgeuza mrina asali mwenye mizinga ya babu yake kuwa mvamizi katika karatasi za ofisi. Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walipopelekwa Ulyankulu, katika iliyokuwa himaya ya Mirambo, ilisemwa wamepewa pori wafungue mashamba. Walifyeka.