Kinga ya vitesi ku lami: badilisha pinyo kwanza, plato baadaye

Kati ya kinga za mitumba zinazotoka Ulaya, iko aina ya katikati: mpira wake ni mwembamba kama wa kinga ya mbio, lakini vitesi vyake viko karibu na vya kinga ya mlima. Mwenye kuitumia ku lami kila siku anaona shida moja: akibadilisha vitesi, miguu inakuwa nzito sana ama nyepesi sana. Anakimbia kwa fundi: «Niwekee plato kubwa, ikimbie.» Njo hapo pesa inapotea.

Tuhesabu meno. Mara nyingi mbele kuna plato tatu, za meno 28, 38 na 48. Nyuma, kama pinyo ni 8, zinakuwa na meno 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28 na 32. Gurudumu la 700 linatembea karibu mita 2.1 kila likizunguka. Ku plato ya 48 na pinyo ya 11, pedali ikizunguka mara moja kinga inaenda mita 9. Kwa mizunguko 80 ku dakika, hiyo inapita kilomita 40 kwa saa. Nani anaifikia asubuhi akienda kazini? Plato ya kutosha iko tayari.

Shida iko katikati. Ku plato ya 38, kutoka pinyo ya 15 kwenda ya 18, mwendo unaanguka kutoka kilomita 25 hadi 21 kwa miguu ileile. Pinyo za 12 hadi 25 zinapunguza mruko huo: 12, 13, 15, 17, 19, 21, 23, 25. Ni 8 vilevile, kwa hiyo mkono wa vitesi haubadiliki.

Ila tusisahau tunaishi wapi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, Kivu 1,460. Anayezunguka ku uwanda wa Ruzizi atafurahia pinyo hizo. Anayepanda vilima vya Bukavu na mzigo nyuma abaki na ile ya 32, magoti yatamshukuru. Na plato ndogo ya 28 isitolewe, hata kama muuzaji anasema ni uzito bure.

Kabla ya kununua, zungusha pinyo kinyumenyume, angalia pale katikati chombo cha kufungulia kinapoingia. Pakizunguka pamoja na pinyo, hiyo ni kaseti. Pakitulia, pinyo zimefungwa ku gurudumu kama parafujo, na kaseti haitaingia kamwe. Pima pia mnyororo: vipande 24 vya mnyororo mpya ni milimita 305. Ukifika 307, nunua mpya, sababu mnyororo uliochoka unakula pinyo mpya haraka.

Anayeshikilia plato kubwa bado, ajue derayeri ya mbele lazima ipandishwe, na mnyororo pengine urefushwe. Mnyororo mfupi ukiwekwa ku plato kubwa na pinyo kubwa pamoja, unavuta derayeri ya nyuma hadi ivunjike, wakati mwingine inaingia ndani ya spoki. Fundi aijaribu vitesi hiyo kwa mkono, polepole, kinga ikiwa imening'inia, kabla mwenyewe hajapanda.