Fahamu: Kwa nini watu huvuka bahari kwenda kutazama minazi ya porini

Hapa Mandewa, Jumapili ya Matawi inapofika, tawi la mkindu hupita mikononi mwa waumini, likikauka limesahaulika. Siku nyingine tunalikuta kwenye mkeka au kwenye kapu la sokoni. Tulipogusia hewani kwamba wapo watu wanaodunduliza fedha, wakapanda ndege na kuvuka bahari ili kuutazama tu mti wa aina hii ukiwa umesimama porini, wasikilizaji wetu wengi walicheka. Wengine waliuliza swali la maana: watu hao wanatafuta nini, na mwenyeji anapata nini? Makala haya yanajibu maswali hayo mawili.

Ni miti gani tunayoizungumzia?

Ni miti ya jamii ya mnazi. Mnazi, mtende, mchikichi, mvumo, mkoche na mkindu zote ni ndugu. Ukiitazama utaona inafanana: shina halina matawi ya pembeni kama mwembe (mkoche ndio wenye desturi ya kugawanyika shina), na majani yote yamekusanyika kileleni. Duniani kuna aina zaidi ya 2,500 za jamii hii, nyingi zikiwa katika nchi zenye joto.

Baadhi tunaipanda, kama mnazi. Mingine hujiotea yenyewe mabondeni, kando ya mito na kwenye mbuga. Mkindu hupenda penye maji. Mvumo, ambao Wanyamwezi na Wasukuma huuita muhama, hutambulika kwa shina refu lililovimba katikati. Hii inayojiotea ndiyo wasafiri wanayoitafuta.

Wasafiri hawa ni akina nani?

Wengi si wanasayansi. Ni walimu, wakulima wa bustani, madaktari na wastaafu wanaoipenda miti hii kama wengine wanavyopenda mpira. Mwaka 1956 wapenzi wa aina hiyo walianzisha nchini Marekani chama kiitwacho International Palm Society. Wanachama wake hukutana kila baada ya miaka miwili, katika nchi mbalimbali, na sehemu kubwa ya mkutano ni kwenda porini.

Huko nyumbani kwao wanayo miti hiyo bustanini. Lakini mti wa bustanini hauelezi unaota na miti gani jirani, unapenda udongo wa namna gani, wala ni mnyama gani anakula matunda yake na kusambaza mbegu. Mambo hayo huonekana mahali ulipozaliwa tu.

Mpapindi, mwana wa Pemba

Mfano ulio karibu nasi uko kisiwani Pemba. Katika msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, huota mti uitwao mpapindi. Shina lake lina pete kama za muwa, mara nyingi mashina kadhaa hutoka pamoja, na matunda yake yakiiva huwa mekundu. Karibu ndugu zake wote wako Madagaska, na wachache Komoro. Wenyewe huota porini Pemba tu, wala hauoti Unguja au bara.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Mashamba ya mikarafuu yalipoenea, msitu ulikatwa. Ngezi ulibaki, na leo ni hifadhi ya takriban hekta 1,440, yaani ekari zaidi ya 3,500. Kwa hesabu ya vijiji vyetu vya Singida, hilo si eneo kubwa. Mpapindi umepandwa kwenye bustani za nchi nyingi, lakini anayetaka kuuona kwao hana pa kwenda ila Pemba. Ngezi ukikatwa, mti huo unaweza kubaki bustanini tu, kama simba aliyebaki kwenye kizimba.

Kijiji kilichouza mbegu kikabakiza mti

Sasa tuvuke hadi Madagaska. Kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho, meneja wa shamba la mikorosho, Xavier Metz, alikuwa matembezini na familia yake walipokuta mti mkubwa wa jamii ya mnazi wasioufahamu. Picha zake ziliwafikia wataalamu, na mwaka 2008 mti huo ulitangazwa kwa jina la kisayansi la Tahina spectabilis. Tahina ni neno la Kimalagasi lenye maana ya kubarikiwa au kulindwa, na pia ni jina la binti wa familia hiyo.

Mti huo hukua kwa miaka mingi, hutoa maua mara moja tu, huzaa, kisha hufa. Ulipohesabiwa mwanzoni, haikufika miti 100.

Habari ilipoenea, wapenzi wa miti hii kila mahali walitaka kuwa nao. Hapo ndipo miti adimu huangamia, kwa sababu watu huingia porini usiku na kuchimba miche. Safari hii wanakijiji waliunda kamati, mbegu zikakusanywa kwa utaratibu na kuuzwa nje kihalali, na sehemu ya fedha ikarudi kijijini kwa shughuli za maendeleo na ulinzi wa eneo. Mbegu zilisafiri, miti ikabaki kwao. Hili ndilo jibu la swali la mwenyeji anapata nini: hupata pale tu anapokuwa amejipanga kabla mgeni hajafika.

Na matawi ya kanisani?

Nchini Kolombia kuna mti wa jamii hii ulio mrefu kuliko yote duniani. Unaweza kufikia mita 50 na zaidi, na mwaka 1985 sheria iliufanya mti wa taifa. Majani ya miti michanga yalikuwa yakikatwa kwa wingi kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, na kasuku mmoja adimu anayetaga katika mashina yake alikuwa akipotea. Kanisa na watunza mazingira walishirikiana kuwaomba waumini watumie majani ya mimea mingine. Ibada iliendelea, na leo wageni hufunga safari kuiona miti hiyo.

Jambo la kujua kabla ya kukata

Miti ya jamii ya mnazi hukua kwa kichipukizi kimoja kilichopo kileleni. Mwembe ukikatwa kichwa huchipua pembeni, bali mnazi ukikatwa kichwa umekufa.

Ndiyo maana mgema wa mnazi hukata karara la maua na kuacha kilele, na mti hudumu kwa miaka. Lakini katika maeneo mengi mkindu, mkoche na mvumo hugemwa kwa kukata kilele chenyewe, na shina hilo hufa. Mkindu una nafuu kidogo, kwa kuwa hutoa mashina mengi kwenye kichaka kimoja. Mvumo una shina moja tu, na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa.

Kwa wanaosuka ukindu, kuna kanuni rahisi: usichukue kila jani changa kwenye shina moja, na bakiza mashina kadhaa bila kuyagusa katika kila kichaka.

Kikundi chenu kikitaka kusafiri

Kutoka Mandewa, kikundi cha shule, cha kanisa au cha VICOBA kinaweza kufika Ngezi bila pasipoti. Mnapanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya kisasa au basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, halafu boti au ndege hadi Pemba. Hifadhi iko mbele ya Konde. Lipeni kiingilio, mfuate mwongozaji, na msitoke kwenye njia.

Msichume mbegu wala kung'oa mche. Anayetaka kuvusha mbegu au mche mpaka wa nchi aanzie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kwa sababu mdudu mmoja aliyejificha kwenye mche anaweza kumaliza mashamba ya nchi nyingine.

Na kabla ya kufikiria Pemba, anzeni na bonde lenu. Waulizeni wazee mikindu ilikuwa wapi walipokuwa watoto, kisha nendeni mkahesabu iliyobaki. Ziara hiyo haina nauli. Mkimaliza, tutumieni idadi kwa ujumbe mfupi pamoja na jina la kijiji, nasi tutaisoma hewani.