Nguo Kuukuu: Kuuza au Kugawa?

Leo twataka kuzungumza nanyi, wasikilizaji na wasomaji wetu, juu ya jambo lililomo katika kila nyumba. Mtu ana kitu asichokitumia tena. Je, akiuze au akitoe bure?

Huko Kinole, katika milima ya Uluguru, desturi ya zamani ilikuwa na jibu lake. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mtu akifa, jina na vitu vyake hurithiwa na jamaa. Hata jina la Kingalu, mkuu wa Kinole aliyesifika kwa kuomba mvua, limerithiwa katika ukoo kizazi baada ya kizazi. Basi kitu cha marehemu hakikuwa bidhaa. Kilikuwa kamba ya kuwafunga ndugu pamoja.

Baadaye zikaja nguo kuukuu za ng'ambo. Watu wakaziita «kafa Ulaya», kana kwamba wenyewe wamekwisha kufa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilibana biashara ya vitu vya nje, ili viwanda vya nchini, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vipate wanunuzi. Siku zile nguo nyingi za namna hiyo ziligawiwa bure kwa mkono wa makanisa. Lakini mwaka 1984, bidhaa zilipokuwa haba mno, wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuleta mali, na mitumba ikaanza kujaa sokoni.

Mtumba maana yake ni robota. Mzungu hutoa shati lake sadaka. Walioipokea huuza sehemu kubwa kwa wafanya biashara kwa uzani. Hao huzichagua, huzifunga marobota na kuzipakia melini. Mchuuzi hununua robota asilolifungua, na akikuta matambara, hasara ni yake. Hivyo kilichotolewa bure kimekwisha kuuzwa mara tatu au nne kabla hakijapanda mlimani.

Je, ni vibaya? Maskini amepata vazi, na mchuuzi amepata riziki. Lakini mshoni na kiwanda wamepungukiwa kazi. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika ya Mashariki waliazimu kuziondoa nguo hizo pole pole. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikaiondolea Ruanda nafuu ya ushuru wa nguo. Nchi nyingine zilikuwa zimelegeza azimio lao.

Sisi twaona hivi: kuuza si aibu, maana mnunuzi huchagua apendacho na hana deni la shukrani. Bali kitu cha mzazi aliyefariki, au nguo ya kumfaa mtoto wa jirani, kisipimwe kwa fedha. Na anayetoa, asitoe tambara ambalo yeye mwenyewe angeona haya kulivaa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.