Kompyuta Ndogo katika Vyuo Vikuu: Kutoka Katazo la 1974 hadi Butembo

Makala haya yanadhamiria kufuatilia, kwa muhtasari, jinsi kompyuta ndogo ilivyoingia katika ufundishaji na utafiti, na kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi wa Butembo na Beni, ambao aghalabu hatutajwi ndani yake.

Katika miaka ya 1960 na 1970 kompyuta ilijaza chumba kizima, ikadai ubaridi na umeme usiokatika. Mwanafunzi hakuigusa: alikabidhi kadi zake zilizotobolewa, akangoja majibu. Tanzania iliagiza mashine ya namna hiyo kwa hesabu za Hazina. Mpango ulipokwama, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Katazo hilo hulaumiwa, na kwa haki. Hata hivyo nyuma yake palikuwa na swali la maana: chombo kinachotegemea fedha na mafundi wa kigeni kinamtumikia nani?

Kompyuta za mezani zilibadili hali. IBM ilitoa yake mwaka 1981. Mwaka 1985 Makerere ikaanzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta. Katika isimu, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichukua mbinu ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi (1983), akaunda SWATWOL, programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, aliyoieleza mwaka 1992. Neno *hawatatupiga* likaweza kupasuliwa na mashine: ha-wa-ta-tu-pig-a.

Lakini ni Kiswahili kipi? Sokoni kwetu mtu husema *banasemaka*, yaani ba-na-sem-ak-a: kiambishi *ba-* cha watu, na *-ak-* cha mazoea. Kanuni zilizotungwa kwa Kiswahili sanifu haziwezi kulitambua neno hili, na lisilotambuliwa huhesabiwa kuwa kosa. Sikubali kwamba usemi wa mamilioni ya watu ni makosa ya chapa.

Hapo ndipo mashine ndogo zaidi inapoingia. Mwaka 2012 ilitolewa Cambridge Raspberry Pi, bamba la ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35. Chimbuko lake lilikuwa chuoni hasa: walimu wa kompyuta waliona waombaji wa masomo yao wakipungua, na waliofika hawakuzoea kuandika programu. Mwaka uleule Chuo Kikuu cha Southampton kiliunganisha bamba 64, zikashikiliwa kwa vipande vya Lego, kikapata kielelezo cha kompyuta kuu. (Wapo waliodhani ni mchezo wa watoto.)

Bila shaka dola 35 si gharama yote. Kioo, kibodi na kadi ya kumbukumbu hununuliwa mbali. Ila bamba lile la kwanza lilihitaji wati 3.5 tu. Kwa Butembo, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta za watu binafsi, tarakimu hiyo ina uzito kuliko kasi ya mashine. Paneli moja ya jua inatosha.

Université Catholique du Graben ilifunguliwa Butembo mwaka 1989. Katika vyuo vya mji huu na vya Beni, mwanafunzi wa kompyuta na mwanafunzi wa isimu wanaweza kukaa mbele ya bamba moja, wakaanza na kanuni mbili: *ba-* na *-ak-*. Ya tatu iwe ya maneno tuliyoyapokea kutoka Kinande.